Sheria ya Siku Tatu

Pasipoti, msomaji, ni kijitabu kidogo. Uzito wake haufiki uzito wa daftari la hesabu, na karatasi zake si nyingi. Walakini ndani yake mna ahadi mbili za serikali. Ya kwanza ni ombi kwa mataifa mengine kwamba mwenye jina hili apitishwe njiani bila kizuizi. Ya pili haiandikwi sana, lakini ndiyo yenye nguvu: kwamba siku atakapobisha mlango wa nchi yake atafunguliwa. Ahadi ya kwanza hutegemea hisani ya wageni. Ya pili haitegemei hisani ya mtu yeyote, maana mtu haombi ruhusa ya kuingia nyumbani kwake.

Nataka kukueleza jinsi ahadi hiyo ya pili ilivyovunjwa mwishoni mwa Februari 1968, katika siku tatu tu za kazi ya bunge, na jinsi waliovunjiwa walivyokuwa watu waliozaliwa au kuishi katika nchi yetu, baadhi yao wenye maduka na karakana za mji wa Kericho, ambao sisi wa Kimulot tumeuendea kwa mahitaji yetu tangu zamani za babu zetu. Siku hizi husikii redio bila kusikia kwamba nchi fulani ya Ulaya imekaza sheria za wahamiaji, na kwamba nchi nyingine yawataka wageni wafanye mtihani wa lugha na wa desturi kabla ya kupewa makazi. Habari hizo zaonekana ngeni na za mbali. Kumbe mzizi wake mmoja ulipita hapa kwetu.

Tuanze na watu wenyewe. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi kuja kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wapatao 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha. Wapatao 6,700 walikaa. Hao, pamoja na wafanya biashara waliokuja kwa hiari yao kabla na baada ya reli, ndio walioeneza maduka hadi kwenye vilima ambavyo gari la ng'ombe lilipanda kwa shida. Watu wa huku waliwaita wote Wahindi, ingawa walikuwa Wagujarati, Wapanjabi, Wagoa, Waislamu, Wabaniani na Masingasinga, ambao tuliwaita Kalasinga. Mmoja wa hao wa mwisho, Puran Singh, alikuwa fundi mwenye karakana ya magari mjini Kericho, na baadaye waumini wenzake walimheshimu kama mtu mtakatifu. Mpaka leo wanamtaja kwa jina la mji wetu: Baba wa Kericho. Nitarudi kwake.

Hesabu ya watu ya 1962 iliwakuta Wahindi zaidi ya 176,000 katika Kenya.

Wakati huohuo palikuwa na wahamiaji wa namna nyingine, na haifai kuwasahau tunapozungumza habari za sheria za wageni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya kikoloni ilichukua eka 25,000 za ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho ikawapa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani. Walipanda kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa makampuni makubwa ya chai. Maofisa wale hawakuulizwa kama wanajua Kikipsigis. Hawakutakiwa kueleza desturi za wenyeji mbele ya mkaguzi. Aliyetakiwa kuchukua cheti alikuwa mwenyeji: chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16 ilimpasa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mtu alihitaji karatasi ili kutembea katika nchi aliyozaliwa, na mgeni akatembea bila karatasi. Wanachuo wangu husema kwamba jambo hili ni kinyume cha akili. Mimi huwaambia kwamba ni lazima kwanza waulize ni akili ya nani.

Sasa twende kwenye sheria za Uingereza, na nakuomba uvumilivu, kwa sababu kisa chote kimefichwa ndani ya vifungu vyake.

Mwaka 1948 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya uraia iliyowafanya watu wa Uingereza na wa makoloni yake kuwa raia wa namna moja. Mkulima wa Kent na mwenye duka wa Kericho walikuwa na jina moja la uraia, na wote waliweza kwenda Uingereza kuishi. Pengine waliotunga sheria hiyo hawakudhani kwamba watu wa makoloni wangeitumia. Waliitumia, hasa watu wa visiwa vya Karibi, India na Pakistani, ambao kazi zao zilihitajiwa katika viwanda, mahospitali na mabasi ya Uingereza. Malalamiko yakaanza, na mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuwazuia. Sheria ile iliwaacha wazi wale tu waliozaliwa Uingereza na wale ambao pasipoti zao zilitolewa na Serikali ya Uingereza yenyewe. Pasipoti iliyotolewa na gavana wa koloni haikutosha.

Likumbuke sharti hilo la pasipoti, msomaji. Mwaka 1962 lilionekana dogo. Mwaka uliofuata Kenya ikapata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Gavana akaondoka, na tangu siku hiyo pasipoti za raia wa Kiingereza waliobaki Kenya zilitolewa na Balozi wa Uingereza mjini Nairobi, yaani na Serikali ya Uingereza yenyewe. Kwa hiyo Mhindi wa Kericho, ambaye chini ya gavana angalizuiwa, baada ya uhuru alikuwa na haki kamili ya kuingia London.

Kwa nini hakuwa raia wa Kenya? Katiba ya uhuru ilimfanya raia papo hapo kila mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa Kenya. Wengine walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, kuomba. Lakini uraia wa nchi mbili ulikatazwa: aliyetaka kuwa Mkenya ilimpasa kuukana uraia wake wa kwanza. Wengine waliomba wakapata. Wengine waliomba, na maombi yao yakalala maofisini. Na wengi walisitasita. Walikuwa na hofu, walikuwa na ndugu na mali kwingine, na walitaka kuona kwanza uhuru utakuwaje. Wenyeji waliona kusitasita huko kama dharau: mtu ameshiba hapa, lakini mkono wake mmoja umeshika kitasa cha mlango. Ukijiweka mahali pa mwenyeji utaelewa hasira hiyo. Ukijiweka mahali pa mwenye duka utaelewa hofu yake. Ni wajibu wa msomaji wa historia kuweza kusimama mahali pote pawili. Katika jamaa moja baba aliweza kuwa raia wa Uingereza, mwanawe raia wa Kenya, na mama bado ni raia wa India, wote wakila katika sinia moja.

Mwaka 1967 Serikali yetu iliamua kwamba kusitasita kumekwisha. Bunge la Nairobi lilipitisha sheria mbili. Sheria ya Uhamiaji, iliyosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Daniel arap Moi, ilianza kutumika mwezi wa Desemba, ikamtaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi, na kibali hicho kilitolewa pale tu ambapo hapakuwa na raia wa kuifanya kazi hiyo. Sheria ya Leseni za Biashara iliwafungia wasio raia kuuza katika sehemu fulani tu za miji mikubwa na kuwakataza bidhaa maalumu. Makusudi yake yalikuwa kuwapa Waafrika nafasi katika biashara ambayo wakoloni waliwafungia kwa miaka 60, na makusudi hayo yalikuwa ya haki. Lakini sheria haikuuliza mwenye duka ameishi hapa miaka mingapi, wala baba yake alizikwa wapi. Iliuliza cheti.

Basi waliokuwa na pasipoti za Kiingereza wakaanza kuzitumia. Mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968 walikwenda kwa maelfu. Katika uwanja wa ndege wa Embakasi watu walilala juu ya masanduku wakingoja nafasi. Kadiri uvumi ulivyoenea kwamba London itafunga mlango, ndivyo wengi zaidi walivyokimbilia. Na kadiri walivyokimbilia, ndivyo kelele zilivyozidi London kwamba mlango ufungwe. Waliopaza sauti zaidi walikuwa Enoch Powell na Duncan Sandys. Huyu Sandys, uangalie vizuri, ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni wa Uingereza wakati Kenya ilipopewa uhuru na mambo ya uraia yalipopangwa.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, James Callaghan, alipeleka mswada bungeni. Tarehe 27 Februari 1968 wabunge walipiga kura ya kwanza kubwa: 372 waliukubali, 62 waliukataa. Siku mbili baadaye malodi nao walikuwa wakiujadili, wakakesha. Tarehe 1 Machi ulitiwa sahihi ya Malkia ukawa sheria. Mswada wa kawaida hupita bungeni kwa miezi. Huu ulipita kwa siku tatu. Miongoni mwa waliopinga alikuwamo Iain Macleod, aliyekuwa waziri wa makoloni kabla ya uhuru wetu, na ambaye alikuwa wa chama kimoja na Sandys. Alishikilia kwamba Uingereza ilikuwa imetoa ahadi, tena kwa kujua.

Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu hata mara moja. Ilisema hivi kwa ufupi: mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia bila kizuizi ikiwa yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko. Wengine watangoja zamu, na zamu zenyewe zilikuwa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa jamaa. Tuchukue mfano wa watu wawili waliosimama kwenye foleni moja. Mmoja ni mtoto wa mkulima Mzungu, amezaliwa Kenya, hajaiona Uingereza, lakini babu yake alizaliwa Uskoti. Wa pili ni mtoto wa fundi Singasinga, amezaliwa Kenya vilevile, na babu yake alizaliwa Panjab. Pasipoti zao zina jalada la rangi moja na maneno yaleyale. Wa kwanza apita. Wa pili arudishwa. Sheria haikutazama uso wake. Ilitazama kaburi la babu yake, ikapata jawabu lilelile.

Nimekuwa nikiwafundisha walimu wa kesho kwamba wanapoisoma sheria yoyote ya wahamiaji wasiishie kwenye kanuni, bali watafute palipoandikwa "isipokuwa". Kanuni husema na kila mtu. Palipoandikwa isipokuwa ndipo mtunga sheria anapozungumza na jamaa zake.

Walionaswa walipata taabu isiyo na mfano wake. Kenya iliwaambia si raia, waondoke. Uingereza iliwaambia ni raia, lakini wasiingie. Wapo waliorushwa kwa ndege kutoka mji hadi mji, kila uwanja ukiwarudisha walikotoka, kama mpira unaopigwa na pande mbili. Baadhi yao walipeleka mashtaka mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg. Tarehe 14 Desemba 1973 Tume ilitoa taarifa yake: kumbagua mtu hadharani kwa sababu ya asili yake kwaweza kuwa ni kumdhalilisha, na kwa washtaki 25 waliokuwa raia wa Uingereza na makoloni jambo hilo lilikuwa limetendeka. Utadhani hukumu hiyo ilitangazwa mara moja. La. Ilifungiwa kabatini mpaka 1994.

Wakati huo mambo ya Uganda yalikuwa yamekwisha kupita. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa huko siku 90 waondoke. Uingereza, kwa kulazimika, iliwapokea wapatao 28,000. Halmashauri ya mji wa Leicester ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, ikawaomba wasihamie Leicester, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Wengi ambao hawakuwahi kuusikia mji huo waliusikia siku ile, wakaenda. Miaka iliyofuata maduka yao yaliifufua mitaa ya Leicester iliyokuwa imeanza kufifia. Halmashauri ile haikupata tena nafasi ya kuliondoa tangazo lake.

Sasa tufike kwenye zama zetu. Baada ya ghasia za vijana katika miji ya kaskazini ya Uingereza mwaka 2001, wenye mamlaka walianza kusema kwamba haitoshi kuhesabu wanaoingia. Yapasa pia kuhakikisha kwamba walioingia wanatangamana na wenyeji. Tangu Novemba 2005 aombaye uraia wa Uingereza amefanya mtihani wa maswali 24 kwa dakika 45 juu ya historia, serikali na maisha ya nchi hiyo, na mwaka 2007 aombaye makazi ya kudumu naye akaingizwa humo. Uholanzi ilikwenda mbele zaidi. Tangu Machi 2006 mtu anayetaka kumfuata mume au mke wake Uholanzi hufanya mtihani wa Kiholanzi na wa desturi akiwa bado kwao, katika ubalozi. Denmark nayo, kwa sheria ya Desemba 2018, iliamuru kwamba apewaye uraia ashikane mkono na ofisa katika sherehe. Fikiri bibi mtu mzima wa Lamu, ambaye maisha yake yote hajampa mkono mwanamume asiye maharimu wake, na ambaye hakuna mtu Lamu aliyewahi kumwona mkosefu wa adabu kwa ajili hiyo. Mtihani wake huo haujibiwi kwa kalamu.

Usije ukadhani kwamba nalaumu kila sharti la lugha. Nchi yetu yenyewe inalo. Katiba yetu ya zamani ilimtaka mgeni aombaye uraia ajue Kiswahili, na sheria yetu ya 2011 yamtaka aweze kuelewa na kusema Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Naona jambo hilo ni jema: mtu anayekaa Kimulot miaka 20 bila kuweza kumjulia hali jirani yake hayuko Kimulot, yuko chumbani mwake. Lugha ni kisima, mgeni ateke. Tofauti iko katika mahali pa kuweka mtihani. Ukiwekwa baada ya mlango, pamoja na mwalimu na wakati wa kujifunza, wamsaidia mgeni kukaa. Ukiwekwa kabla ya mlango, mbali na mwalimu, kwa malipo ambayo maskini hana, huo ni ukuta uliopakwa rangi ya ubao wa darasani. Ukitazama tena isipokuwa ya Uholanzi utakuta kwamba Mmarekani, Mjapani, Mkanada na Mwaustralia hawakutakiwa kufanya mtihani wa ubalozini. Mmoroko alitakiwa. Mkenya alitakiwa. Si kwamba Mjapani azaliwa akijua Kiholanzi.

Jambo hili lawahusu vijana wa vilima hivi kuliko mnavyodhani. Mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko, na vijana wa nchi za chai, kama wa kwingineko, wameanza kuhesabu nauli. Walakini tangu 11 Machi 2024 wahudumu wa wazee na wagonjwa wanaokwenda Uingereza hawakuruhusiwa tena kuandamana na wake, waume wala watoto wao, na tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu hao kutoka ng'ambo ilifungwa. Kama mwaka 1968, aliyekwisha kuuza ng'ombe wa nauli alisikia habari hizo redioni.

Na wale wa 1968? Vibali vya zamu viliendelea kutolewa kidogo kidogo kwa miaka 34, mpaka mpango wenyewe ulipokomeshwa mwezi wa Machi 2002. Mwaka uleule Bunge la Uingereza lilitunga sheria nyingine, na tangu 30 Aprili 2003 waliobaki na pasipoti zile zisizofungua mlango, bila uraia wa nchi nyingine, waliruhusiwa kujiandikisha kuwa raia kamili. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Februari 1968 alikuwa mtu wa miaka 35. Huku kwetu, mwezi wa Julai 2017, Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi wenye asili ya Bara Hindi kuwa mojawapo ya makabila ya nchi.

Puran Singh alihamia Uingereza katika miaka ya 1970. Alikaa Handsworth, katika mji wa Birmingham, akawakusanya waumini ambao wengi wao walitoka Afrika ya Mashariki kama yeye, na alifariki mwaka 1983. Palipokuwa na karakana yake mjini Kericho pamejengwa hekalu kubwa jeupe, ambapo kila afikaye, wa dini yoyote, hupewa chakula bila malipo. Wazee kwa vijana huja kutoka Birmingham na London kulizuru. Wapo miongoni mwao waliozaliwa hapa. Wana pasipoti za Uingereza, na sasa zafungua milango ya Uingereza bila swali. Kabla ya kupanda ndege ya kuja Kenya huomba kibali cha kuingia kwa njia ya intaneti, kama sheria yetu ilivyowataka wageni tangu Januari 2024, na hulipa ada, kisha hungoja jibu.